Hyasinta na Jozi Aliyoivunja

Kabla hujamwona Hyasinta, utaisikia tela yake. Bati la ubavuni limelegea, mnyororo wa nyuma unagonga chuma, punda wawili wanapiga chafya kwa sababu ya vumbi, na yeye mwenyewe yuko mbele, kitenge amekifunga juu ya gauni, ameshika fimbo ambayo haijawahi kumgusa punda hata siku moja. Anaonyeshea njia tu, kama mwalimu anavyoonyesha ubaoni.

Pale Endabash hakuna nyumba ambayo haijamhitaji. Mahindi yakivunwa, aitwe Hyasinta. Bomba likikauka, aitwe Hyasinta na mapipa yake. Mtu akifariki, jumuiya haijakaa hata kupanga nani atapika, tayari kuna mtu ametumwa kwake, viti na masufuria vikachukuliwe parokiani.

Kazi hiyo hakuiomba. Mumewe Bartolomeo ndiye aliyeiunda tela kwa ekseli ya pikapu lililokufa, akaitumia mpaka siku ng'ombe alipomgonga nyonga. Tangu hapo Bartolomeo anachechemea, na punda wakahamia mikononi mwa mkewe. Mwanzoni watu walicheka, mwanamke na tela wapi na wapi. Baadaye wakaacha kucheka kwa sababu walikuwa wanamsubiri. Na Hyasinta akaonja kitu ambacho hakuwahi kukionja: kusubiriwa. Akakipenda. Wapo wanaopenda kusifiwa, wapo wanaopenda kuogopwa. Yeye alipenda kuitwa.

Halafu akaja Selestina.

Selestina alikuwa binti wa mchuma kahawa wa kule Oldeani, kaolewa Endabash. Mwanamke wa kucheka mdomo wazi, na kwenye kwaya ndiye anayeanzisha sauti ya kwanza. Naye akapata tela. Ilikuwa ndogo kuliko ya Hyasinta, lakini ilipakwa rangi ya buluu, na ubavuni kuna mtu aliiandikia kwa herufi nyeupe NEEMA TU. Hyasinta alipoiona mara ya kwanza alisema Endabash ni kubwa, kila mtu atapata mzigo wake. Alisema hivyo kwa mdomo. Moyo haukusema kitu, ulikaa kimya kama mbwa aliyeona mgeni na bado hajaamua.

Ukaamua siku ya msiba wa mzee mmoja jirani. Viti vililetwa na Selestina. Hyasinta alikaa kwenye kimojawapo tangu asubuhi, akaona kama kina miiba. Watu wanamlilia marehemu, yeye anaitazama tela ya buluu imesimama chini ya mti, punda wamefunguliwa wanakula majani, na akina mama wanampelekea Selestina chai kabla ya wengine, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi. Chai ile zamani ilikuwa inakuja kwake.

Waswahili wanaiita roho ya kwa nini. Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi? Ikishamwingia mtu, haimwachi hata akiwa kanisani.

*

Sasa mtoto wa Marsela, Goodness, akachumbiwa ng'ambo ya korongo. Marsela ni jirani wa Hyasinta, ukuta kwa ukuta, na Goodness alibatizwa mikononi mwa Hyasinta. Tangu mtoto yule anatambaa, Hyasinta alikuwa akimwambia: siku yako ikifika, vyombo vyako nitavipeleka mimi.

Jambo hilo si dogo. Kwa watu wa pale, vyombo vya bibi harusi vikishapakiwa nyumbani kwao havigusi ardhi mpaka vifike ua wa mume. Vikishushwa njiani, hata kwa pancha tu, wazee wanatikisa vichwa, wanasema ndoa imeacha mguu mmoja barabarani. Kwa hiyo tela lazima iwe ya kuaminika. Mwenye tela ndiye anayeingia kwanza uani kwa mume, na ndiye anayepewa kibuyu cha kwanza cha pombe ya asali, kabla hata ya wajomba. Na juu ya mzigo anakaa mwanamke mmoja wa upande wa bibi harusi, anaimba mpaka wanafika.

Hyasinta alikitaka kibuyu kile. Alikitaka kuliko kitu chochote mwaka ule. Lakini Marsela alikuwa hajatamka nani atapakia, na kila mtu aliijua sababu. Matairi ya tela ya Hyasinta yalikuwa vipara, kashata, ile michirizi ya mpira, zimeisha, pembeni nyuzi zimeanza kuchungulia. Wiki ile ile alikuwa amepata pancha njiani kwenda mashineni, magunia yakashushwa katikati ya barabara, na nani alipita kumsaidia kuyabeba? Selestina. Akayabeba huku anaimba.

Basi Hyasinta akapanda boda, akaenda Karatu mjini kutafuta matairi.

Mfanyabiashara wa matairi aliyemfahamu alikuwa Haruna, mtu mpole mwenye kofia ya kufuma, duka lake liko kandokando ya barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Magari ya watalii yanapita hapo tangu alfajiri. Kampuni za safari haziachi tairi lichakae. Likipungua kashata kidogo tu wanalitoa, wasije wakakwama na wageni ndani ya kreta. Yale yanayotolewa yanaishia kwa akina Haruna, na kwa Haruna yanaishia kwenye tela za wakulima. Kwa hiyo ukiona punda wa Endabash wanavuta gunia la mbaazi, ujue matairi yale yamewahi kusimama mbele ya simba.

Haruna alimwonyesha kwanza jozi nene, pana, zenye meno kama ya trekta. Hyasinta zikamvutia. Haruna akamwambia hizo ni za gurudumu linalosukumwa na injini. Tela haina injini, inaburutwa, meno yale yatabeba udongo tu na punda watakuchukia. Akamwonyesha nyingine mpya kabisa, zinang'aa, lakini laini kama viatu vya harusi. Za gari dogo, alisema, ukipakia mchanga zinalala. Nyingine tena ilionekana nzima, mpaka Haruna alipoikunja kwa goti na nyufa ndogo ndogo zikafunguka ubavuni. Imekaa juani muda mrefu, alisema, inaonekana hai na imekufa.

Kisha Hyasinta akaiona jozi iliyokuwa imelazwa ndani, nyuma ya mlango.

Zilikuwa nyembamba na ndefu, kashata bado zimesimama, ubavu mzima hauna kidonda. Matairi mawili yaliyotoka kwenye gari moja siku moja, yamechakaa sawasawa. Akapiga magoti, akapitisha kiganja. Alijua hata kabla hajauliza.

“Hizo za mtu,” Haruna akasema. “Za mwenzako wa huko huko kwenu, mama Selestina. Atazifuata kesho kutwa.”

Hyasinta hakuinuka. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya tairi. Aliiona tela ya buluu ikivuka korongo, imesimama wima, vyombo vya Goodness vinameta juani. Ndipo mdomo wake ukasema maneno ambayo hakuwa ameyapanga.

“Ndiye aliyenituma,” akasema. “Amesema moja linamtosha. Lingine nichukue mimi.”

Haruna akamtazama. Tairi moja kwenye ekseli ya mawili, alisema, litafanya kazi gani? Lakini nje kulikuwa na dereva wa safari anapiga honi, ana pancha na wageni wanne wenye haraka, na Haruna si mtu wa kumdhania mama mzima uongo. Akalitoa moja, akapokea pesa yake. Kuyachukua yote mawili kungekuwa wizi, na Hyasinta si mwizi. Moja, alijiambia njiani, tairi likiwa limefungwa nyuma ya boda linamsugua mgongo, moja ni bahati tu.

*

Vedasto, fundi pancha wa pale kijijini, alilifunga upande wa kushoto bila kuuliza sana. Kulia kikabaki kipara cha zamani. Hyasinta alikuwa amepanga atatafuta pacha wake kwingine. Alimaliza mnada mzima hakumpata. Na tela ikasimama upande: kushoto juu, kulia chini, kama mtu anayesikiliza kwa sikio moja.

Bartolomeo aliitazama kutoka kwenye kigoda chake mlangoni.

“Nyumba hii ilikuwa na mchechemeaji mmoja,” akasema. “Naona umeniletea mwenzangu.”

Hyasinta hakucheka. Alijipa moyo kwamba hata ikiinama, angalau ya buluu haitakuwa bora. Hilo ndilo lililompa usingizi.

Siku chache baadaye alisikia mnyororo barabarani. Aliujua kwa mlio kwamba si wake, kwa maana wivu humfundisha mtu masikio. Akatoka uani kama anayekwenda kumwaga maji. Tela ya buluu ilikuwa inapita, nayo imeinama, ila upande mwingine: kulia juu, kushoto chini. Selestina alisimamisha punda.

“Za kutwa, dada Hyasinta. Tairi lako linakwendaje?”

“Salama. Lako je?”

“Langu linamtafuta mwenzake.”

Akaondoka, na mbele kidogo akaanza kuimba. Hakutukana, hakwenda kwa balozi, hakumwambia hata padri. Hyasinta alisimama na beseni tupu mkononi. Angetukanwa angejua la kufanya.

Jumapili baada ya misa Marsela akawaita wote wawili na tela zao. Harusi imekaribia, alisema, nami sina ugomvi na mtu, nataka kuona tu. Watu waliotoka kanisani wakajipanga kando. Tela mbili zikasimama bega kwa bega, moja imeinamia huku, nyingine kule, zimepeana migongo kama wake wenza. Watoto wakaanza kuinamisha shingo kuziiga, na watu wazima wakajifanya wanakohoa.

Marsela akaleta beseni lililojaa maji, akaliweka katikati ya tela ya Hyasinta. Maji yakamwagikia kulia. Akalijaza tena, akaliweka kwenye ya Selestina. Yakamwagikia kushoto. Akasimama na beseni lake.

“Nina kabati la vioo,” akasema. “Nitaita kirikuu, kile kigari cha mizigo, kutoka mjini.”

Mambo yakaisha hapo. Hyasinta alikuwa anageuza punda aliposikia mtu amemshika mkono. Goodness, na nguo yake ya kanisani, macho yamejaa.

“Mama, ulisema utanipeleka wewe.”

“Nilisema.”

“Mimi kirikuu sikitaki. Kitapiga honi, kishushe vitu, kiondoke. Nani ataniimbia?”

Hyasinta alimpangusa shavu kwa ncha ya kitenge, akaenda zake.

*

Mchana wote alikiwaza kile kigari. Alimwona kijana wa mjini ameweka nyaya masikioni, hajui Goodness alibatizwa lini, hajui korongo likoje, anaingia kwanza uani kwa mume na kupokea kibuyu cha asali, labda anasema ahsante yeye anakunywa soda. Alisikia moyo unamchoma kwa namna mpya. Akagundua, naye akashangaa, kwamba anakionea kijicho kirikuu kuliko anavyomwonea Selestina. Wivu mkubwa ulikuwa umeumeza mdogo. Angalau Selestina anajua nyimbo.

Akamwita Vedasto afungue tairi. Tela ikaachwa imelalia jiwe.

Kutoka kwake hadi kwa Selestina ni lazima upite katikati ya kijiji. Hyasinta alilisukuma tairi kwa kiganja, likabingirika mbele yake, yeye nyuma, mama mwenye wajukuu. Hakupita njia za uani. Kwenye kilabu watu walikuwa wamekaa, na mmoja akamuuliza kama tela imemkimbia ikamwachia mguu. Mwingine akasema mwacheni, anafanya mazoezi. Hyasinta aliwasalimia wote kwa majina, akaendelea kubingirisha.

Selestina alikuwa anapepeta maharage. Alimwona, akaendelea kupepeta. Tairi likasimama kati yao.

“Umelileta,” akauliza mwishoni, “au umelirudisha?”

Hyasinta alitafuta neno la katikati, hakulipata. “Nimelileta.”

“Haruna aliniambia kwamba nilikutuma.” Makapi yakaruka, maharage yakabaki kwenye ungo. “Nikajiuliza, mimi nina mtumishi mzuri hivi na sikujua?”

“Nilimdanganya, Selestina.”

“Najua. Nilitaka nione utalifanyia nini. Tairi moja.” Sasa akacheka, mdomo wazi, na Hyasinta alimchukia kwa jinsi kicheko kile kilivyokuwa kizuri. “Nami nikasema, basi langu silitoi. Hata tuoze wote. Leo nimemwona Marsela anaita kirikuu, nikaona kweli tumeoza.”

Yaliyofuata yalikuwa kama mapatano ya mahari. Matairi yote mawili yafungwe kwenye tela ya buluu, kwa kuwa bodi yake ni nzima. Punda wawe wa Selestina, kwa kuwa ndio wanaoijua. Hyasinta kila alipokubali jambo alisikia kama ananyofolewa kitu. Jambo moja tu hakuliachia.

“Juu ya mzigo nakaa mimi.”

“Kaa. Lakini wimbo naanzisha mimi.”

“Utaanzishaje na wewe uko chini na punda?”

“Kwa mdomo, dada. Mdomo haupandi tela.”

*

Marsela alileta tena beseni. Maji yakatulia, hata tone halikudondoka, naye akaghairi kirikuu.

Siku yenyewe walipakia kitanda, kabati la vioo lililofungwa mablanketi, masufuria, magunia ya ngano, na juu kabisa godoro. Hyasinta akapandishwa juu ya godoro kama malkia, amefungwa kilemba kipya. Alidhani atafurahi.

Kutoka juu mtu huona mengi. Aliona kwamba Selestina hana fimbo. Alikuwa anazungumza na punda wake kwa sauti ya chini, Kiiraqw kitupu, kama anawasimulia habari za watu, na masikio yao yalikuwa yamegeukia nyuma yanasikiliza. Punda wa Hyasinta hawajawahi kumsikiliza hivyo. Aliona watu wanatoka majumbani wanapunga mikono, wanamwita Selestina kwanza, ndipo wanainua macho na kumwita yeye. Sauti ya kwanza ilipopanda, safi kama maji, akaitikia, na katika kuitikia akajua kwamba yake ni nzito na imezeeka. Hata njia ilivyokuwa laini ilimuuma. Tela ya mwenzake haigongi chuma.

Kwenye korongo tu ndipo roho ilipomtulia kidogo. Chini kulikuwa na mchanga mzito. Tela ikashuka, kabati likaguna ndani ya blanketi, akina mama waliokuwa wakifuata kwa miguu wakanyamaza. Hapo ndipo kitu kingegusa ardhi kama kingegusa. Hyasinta akainama, akachungulia gurudumu la kushoto. Jembamba na refu, lilikata mchanga, halikuzama, likapanda juu ya jiwe, likashuka, likaendelea. La kulia lilifanya vivyo hivyo, lakini hakulitazama.

Walipofika, ua wa mume ulikuwa umejaa. Mama wa bwana harusi alitoka mbele na kibuyu, amekishika kwa mikono miwili. Alikuwa mgeni kwao, hakujua yupi ni yupi. Alimwona mmoja chini na punda, mmoja juu na kilemba. Akauliza kama desturi inavyotaka, mwenye tela ni nani, ili apokewe.

Selestina alikuwa ameinama anafungua kamba za punda. Alisikia, kwa maana vidole vyake vilisimama. Lakini hakuinua kichwa wala hakujibu. Macho yote yakapanda juu kwa Hyasinta.

Kibuyu kilikuwa karibu. Alisikia harufu ya asali. Neno moja tu lilitosha, tena lisingekuwa uongo mzima, kwa maana nusu ya mwendo ilikuwa yake. Alimtazama Selestina pale chini, kichogo kimejaa vumbi jekundu, bado anashikilia fundo lile lile ambalo lilikwisha kufunguka.

“Ni ya Selestina,” akasema.

Kibuyu kikageuka. Kilipita chini ya miguu yake, na Hyasinta alikifuata kwa macho njia nzima.

“Ila tairi la kushoto,” akaongeza kwa sauti ya kusikika mpaka getini, “ni langu.”

Akina mama wakaangua kicheko. Mama wa bwana harusi akainama, akalitazama tairi kwa heshima zote, akaliamkia. Kisha akamkabidhi Selestina kibuyu.

Selestina akanywa. Alikunywa polepole, polepole mno, na Hyasinta juu ya godoro aliyatazama mafunda yote yakimshuka mwenzake kooni. Kisha akanyoosha mkono wenye kibuyu juu kwa Hyasinta.